Maneno Yaungayo: Habari za Viunganishi vya Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na viunganishi katika orodha. Mwalimu huandika ubaoni "and", "but", "or", "because", "although", "if", "unless", na mbele ya kila neno huandika maana yake. Mwanafunzi hunakili, hukariri, kisha hupewa sentensi kumi zenye mapengo ayajaze. Somo likiisha, majina na vitenzi hurudi mahali pao pa heshima, na viunganishi husahauliwa kama misumari iliyozama ndani ya mlango. Hapana aulizaye misumari hiyo ilifuliwa na nani, wala lini, wala kwa chuma gani. Walakini historia ya Kiingereza yaonyesha kwamba karibu kila kimoja cha viunganishi hivyo kilikuwa kitu kingine kabla ya kupewa kazi ya kuunga. Kimoja kilikuwa jina la muda, kingine jina la sababu, kingine neno la kuonyesha mahali. Havikuzaliwa viunganishi, vilifanywa hivyo, na waliovifanya walikuwa watu wenye haja ya kuunga wazo na wazo kwa namna ambayo maneno ya wazee wao hayakutosha. Athari za kazi yao ya kwanza zimebaki ndani yao, nazo ndizo zimtaabishazo mwanafunzi darasani na jaji mahakamani.

Jina la fungu hili la maneno ni la kale kuliko Kiingereza chenyewe. Wanazuoni wa Kiyunani waliyagawa maneno katika mafungu manane, na kitabu kidogo cha sarufi kinachohusishwa na Dionysius Thrax, mtu wa karne ya 2 kabla ya Kristo, chataja fungu la mwisho kuwa "syndesmos", yaani kifungo. Warumi walilitafsiri neno hilo kuwa "coniunctio", na kwa njia hiyo likaingia katika shule zote za Ulaya. Karibu na mwaka wa 1000 mtawa wa Kiingereza aitwaye Ælfric alitunga sarufi ya Kilatini akiieleza kwa lugha ya nyumbani kwake, ili vijana wa shule waifahamu; na mwaka 1586 William Bullokar alichapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza chenyewe. Bullokar hakuanza kwa kuyachungua maneno ya watu wake na kuuliza yaomba kugawanywa vipi. Alikuta vyumba vimekwisha jengwa na Warumi, naye akayaingiza maneno ndani, kila moja katika chumba lilichoelekea. Zitaonekana mbele taabu zilizotokana na kuhamia katika nyumba ya watu wengine.

Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kilipenda sana kuweka neno ubavuni mwa neno. Ukifunguliwa ule mkusanyo wa habari za miaka ulioanzwa katika zama za Mfalme Alfred, aliyetawala toka mwaka 871 hata 899, hukutwa matukio yamepangwa kama shanga: mfalme fulani alikufa, na ndugu yake akashika ufalme, na jeshi likaja, na watu wakakimbia. Neno "and" lilitumika mno hata waandishi wakachoka kuliandika kwa herufi zake. Waliweka badala yake alama iliyofanana na tarakimu 7, waliyoirithi katika mwandiko wa mkato uitwao kwa jina la Tiro, mtumwa aliyeachwa huru na Cicero, msemaji mkuu wa Roma. Alama ya pili ya neno hilo hilo, ile "&" ionekanayo leo juu ya milango ya maduka, ni herufi mbili za neno la Kilatini "et" zilizofumwa pamoja. Ni kiunganishi cha Kiingereza kilichopata kuandikiwa alama zake chenyewe, kama kwamba ni hesabu.

Lakini yafaa kuwaonya wale wasemao kwamba watu wa kale hawakujua kutegemeza wazo moja juu ya jingine. Walijua, ila kwa njia yao. Neno lao moja, ambalo kwa herufi za leo laweza kuandikwa "tha", lilikuwa na maana ya "wakati ule" na pia ya "wakati ambapo". Waliliweka mara mbili katika sentensi moja: tha alikuja, tha tukaondoka. Msikilizaji alitambua lipi ni la kutegemea na lipi ni la kutegemewa kwa kuangalia mahali pa kitenzi, kwa kuwa katika sehemu kuu kitenzi aghalabu kilifuata neno hilo papo hapo, na katika sehemu tegemezi kilikawia. Desturi hiyo ilipodhoofika, neno moja halikuweza tena kubeba kazi mbili. Ilikuwa lazima yatafutwe mengine.

Yalitafutwa karibu, katika vyombo vilivyokuwamo nyumbani. "While" lilikuwa jina la kawaida, maana yake muda. Watu walisema "ule muda ambao", kisha maneno yaliyolizunguka yakaanguka na jina likabaki peke yake likiunga. "But" ni maneno mawili yaliyogandamana, yenye maana ya "kwa nje". Aliyesema watu wote walikufa kwa nje ya mmoja alikuwa amemtoa mmoja huyo nje ya hesabu, na toka huko neno likapanda cheo, likafukuza kabisa neno la kale "ac" lililofanya kazi ya "lakini". "Or" ni kifupi cha neno lililoandikwa "other" katika zama za kati. "Unless" ilikuwa kauli nzima, "kwa sharti lililo dogo kuliko", na ndani ya umbo lake la leo neno "less" bado laonekana, ingawa hapana Mwingereza anayeliona. "As" na "also" ni mapacha: yote mawili yalitoka katika "eall swa", maana yake "hivyo kabisa", moja lilikonda kwa kutumika sana na jingine likabaki na mwili wake. "Than" na "then" yalikuwa neno moja, na tofauti ya tahajia haikukaa imara hata karibu na mwaka wa 1700. Mwanafunzi wa leo anayeandika moja mahali pa jingine anarudisha umoja uliovunjwa juzi tu, kwa hesabu ya umri wa lugha. Hata "and" lilipata kuazimwa: katika zama za kati mpaka siku za Shakespeare liliweza kuwa na maana ya "ikiwa", na mara nyingi liliandikwa "an" katika maana hiyo.

Mengine yaliletwa na wageni. Mabaharia wa Skandinavia walioivamia Uingereza, wakakaa na kuoa humo, waliacha "till". Wanormani walileta Kifaransa, na katika Kifaransa jina "cause". Katika karne ya 14 watu walianza kusema "by cause that", na baada ya muda maneno yakakutana na kuwa "because". Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa zaidi, maana njia hiyo ameipita. Kiswahili nacho kilichukua jina la kigeni, "sababu", kutoka Kiarabu, kikaliwekea "kwa" mbele yake, kikapata "kwa sababu". Watu wawili waliotengwa na bahari na karne walifanya jambo moja, kipande kwa kipande. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilikwenda mbali zaidi katika kuazima. "Lakini", "au", "ama", "bali", "ila", "hata", "kabla", "baada" yote yana asili ya Kiarabu, na "wala" ni maneno mawili ya Kiarabu, "na" pamoja na "si", yaliyoingia yameshikana. Kiingereza, pamoja na kula Kifaransa na Kilatini bila kushiba, kilikataa kuuza viunganishi vyake vitatu vikuu. "And", "but" na "or" ni vya nyumbani.

Katika mambo yote ya viunganishi, hapana linalompotezea mwanafunzi wa Afrika Mashariki alama nyingi kuliko "although" likifuatwa na "but". Huandika, kwa mfano, "Although he was sick, but he came", na wino mwekundu humwangukia. Makosa hayo yana mantiki. Kiswahili chakubali "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na sikio la Mswahili hulitazamia lile "lakini" kama mtu atazamiavyo mguu wa pili kukanyaga baada ya wa kwanza. Mwalimu humwambia kwamba Kiingereza hakina desturi ya kuunga mara mbili, na kwamba kiunganishi kimoja chatosha. Kwa Kiingereza cha leo mwalimu asema kweli. Kwa historia ya Kiingereza asema kinyume. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "theah", mzazi wa "though", na kilipenda kuliweka mwanzoni mwa sehemu ya kwanza na kuliitikia katika sehemu ya pili, kwa neno lilo hilo au kwa jingine lenye maana ya "hata hivyo". Kuunga mara mbili kulikuwa ufasaha. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 "though" bado hufuatwa mara kwa mara na "yet", na hata leo aandikaye "though" kisha "yet" hatiwi wino, ila husemwa kwamba ana mtindo wa kizamani. Kwa hiyo kilichokatazwa ni "but" peke yake, na kilikatazwa kwa sababu neno hilo limewekwa katika fungu la viunganishi viungavyo vilivyo sawa, na sehemu iliyotanguliwa na "although" haihesabiwi kuwa sawa na mwenzake. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo amepewa kitu cha kufahamu. Aliyeambiwa tu kwamba ni makosa amepewa kitu cha kuogopa.

Jambo lililo karibu na hilo ni la "if". Kiswahili huweka sharti ndani ya kitenzi: "akija", "angekuja", "angalikuja". Hapana neno la pekee linalohitajiwa, na "kama" au "ikiwa" likiongezwa ni kwa mkazo au kwa kuweka wazi. Kiingereza kimetoa sharti nje ya kitenzi, kikalikabidhi neno moja. Na maadamu neno limekwisha kusema kwamba ni sharti, kitenzi huachwa katika hali ya sasa hata kama jambo litatukia kesho. Ndiyo sababu "If he will come" haikubaliki katika maana ya kawaida. Mwanafunzi huona wakati ujao haukutajwa, akautaja.

Kuna katazo jingine la darasani lisilo na mizizi hata kidogo, nalo ni lile la kutoanza sentensi kwa "and". William Tyndale alipofasiri Agano Jipya toka Kiyunani, kikachapishwa mwaka 1526, na vitabu vitano vya Musa toka Kiebrania mwaka 1530, alikuta katika Kiebrania herufi moja ishikamanayo na mwanzo wa neno na kuunga habari zote. Hakuona aibu kuitafsiri kwa "and", sentensi baada ya sentensi. Tyndale aliuawa mwaka 1536, lakini wafasiri wa mwaka 1611 walimfuata, na katika sura ya kwanza ya Mwanzo karibu kila aya ina "and" kichwani. Kitabu kilichofunza Waingereza wengi kusoma kilianza sentensi zake kwa neno ambalo walimu wa shule baadaye walilikataza. Katazo hilo huenda lilikusudiwa kuwazuia watoto wasiandike "na halafu, na halafu". Kama dawa ya watoto lina faida yake, kama sheria ya lugha halina.

Lakini hapana mtu katika historia ya Uingereza aliyeumizwa na kiunganishi, kisha akakiandama kwa miaka mingi, kama John Horne. Alizaliwa Westminster mwaka 1736, akafanywa kasisi, ingawa moyo wake ulikuwa katika siasa na si katika mimbari. Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa Mfalme George wa Tatu walipigana na wakoloni wa Marekani huko Lexington na Concord. Horne alitangaza katika magazeti ya London kwamba mchango umekusanywa, na kwamba paundi 100 zitapelekwa kwa Benjamin Franklin kwa ajili ya wajane, mayatima na wazazi wazee wa raia wenzao walioanguka huko. Wala hakusema kwamba walianguka vitani. Alisema waliuawa kinyama na askari wa mfalme kwa kuwa walichagua kufa kuliko kuwa watumwa. Serikali ilimshtaki kwa kashfa. Kesi ilisikizwa Julai 1777 mbele ya Lord Mansfield. Horne alijitetea mwenyewe, akashindwa, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya paundi 200.

Alipoipinga hukumu, mabishano yaliacha siasa yakawa ya sarufi. Ilibidi kuamuliwa kama hati ya mashtaka ilitamka waziwazi kwamba tangazo lile lilihusu serikali ya mfalme na matumizi ya askari wake, ama ilidokeza tu. Jambo hilo lilining'inia juu ya "of" na "concerning", vihusishi viwili. Tena ilitajwa kesi ya zamani ambamo hati ilisema kwamba mwanamke mmoja, akijua kwamba mtu fulani ameshtakiwa kwa kughushi, alitenda jambo lililo kosa. Wakili wake alikuwa amepinga: hati haisemi kwamba mtu yule alishtakiwa, yasema tu kwamba mwanamke alijua. Kiungo cha ubishi wote huo kilikuwa "that". Mwaka 1778 Horne alichapisha barua kwa mwanasheria John Dunning, akalalamika kwamba amefanywa mhanga wa vihusishi viwili na kiunganishi kimoja. Kisha akafanya kazi ambayo mawakili hawakuifanya: alilichukua lile "that" akalipasua.

Hoja yake ilikuwa nyepesi, na ni fahari yake kwamba ilikuwa nyepesi. "That" kiunganishi, alisema, si neno jingine mbali na "that" lionyeshalo, yaani "hilo" au "kile". Sentensi ya hati ile yaweza kupangwa upya bila kupotea kitu: Mtu fulani ameshtakiwa kwa kughushi; mwanamke, akijua hilo, alitenda jambo fulani. Sasa shtaka limesimama wazi, limetamkwa, wala halikufichwa ndani ya ujuzi wa mwanamke. Wanazuoni wa baadaye waliochunguza lugha za Kijerumani za kale walimkubalia katika jambo hili. Neno lililokuwa likinyosha kidole kwenye sentensi inayokuja liligeuka kuwa mlango wa sentensi hiyo. Kiswahili kilifika pahali pale pale kwa njia nyingine, kwa kuwa "kwamba" ni mtoto wa kitenzi cha kale "kuamba", maana yake kusema. Mwingereza alionyesha, Mswahili akanena.

Horne alipata kujiita Horne Tooke kwa ajili ya rafiki yake William Tooke wa Purley, na mwaka 1786 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa kiitwacho The Diversions of Purley. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 1805. Alidai humo kwamba majina na vitenzi ndiyo maneno ya kweli, na kwamba viunganishi vyote ni mabaki yake yaliyofupishwa ili mazungumzo yaende mbio. Akavichukua kimoja kimoja kuonyesha asili yake, na hapo bidii ilimzidi elimu. "If", alisema, ni kitenzi "give" katika hali ya kuamuru: jalia iwe hivi, basi itakuwa vile. Kwa sikio la Mswahili azoeaye kusema "tuseme mvua isinyeshe" hoja hiyo yapendeza mno. Haikuwa kweli. Umbo la kale "gif" lilifanana na kitenzi cha kutoa kwa bahati tu, na ndugu zake halisi ni "ob" la Kijerumani na "ef" la Skandinavia, ambayo hayana uhusiano na kutoa. Makosa ya namna hiyo ni mengi kitabuni. Kitabu kilisomwa kwa hamu katika Uingereza kwa miaka mingi, hata elimu ya kulinganisha lugha ilipostawi Ujerumani na Denmark katika karne ya 19 ikakibomoa ukuta mmoja baada ya mwingine. Waliokibomoa walikuwa na haki. Walakini walipokwisha kubomoa, walikuta msingi umesalia: "while" ni jina, "because" ni jina, "unless" ni kauli, na "provided" na "suppose" ni vitenzi vilivyogeuka viunganishi machoni pa watu. Horne alikosea kabila la maneno mengi, lakini hakukosea aliposema kwamba yana kabila.

Yeye mwenyewe alishtakiwa tena mwaka 1794, safari hii kwa uhaini, akaachiliwa. Akafa mwaka 1812.

Nyumba ya Kirumi aliyoihamia Bullokar nayo ilianza kutikiswa. Neno "after" lilikuwa likisumbua tangu zamani: likifuatwa na jina huitwa kihusishi, likifuatwa na sentensi huitwa kiunganishi, likisimama peke yake huitwa kielezi, na maana haibadiliki hata kidogo. Mwanasarufi wa Denmark, Otto Jespersen, aliuliza mwaka 1924 kwa nini neno moja liandikishwe mara tatu. Hatubadili fungu la kitenzi kwa kuwa mara kimefuatwa na jina na mara kimefuatwa na sentensi. Kwa nini tufanye hivyo kwa "after"? Swali lake lilikaa miaka mingi bila kuingia madarasani. Mwaka 2002 sarufi kubwa ya Kiingereza iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, ililichukua kwa uzito. Iliyahamisha "after", "before", "because", "though" na mengine mengi katika fungu la vihusishi, ikayaachia viunganishi tegemezi maneno machache kabisa, kama "that", "whether", na "if" la kuuliza. Walimu wa shule hawakuifuata, wala yaelekea hawataifuata karibuni. Na lugha yenyewe, isiyosoma vitabu vya sarufi, ilitoa ushahidi wake: vijana walianza kuandika "because" likifuatwa na jina tupu, kana kwamba Mswahili angesema "sikuja kwa sababu mvua" akanyamaza. Chama cha wachunguzi wa lahaja za Marekani kililichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013 kwa ajili ya matumizi hayo mapya. Neno lililozaliwa kutoka jina lilikuwa limeanza kushika majina tena.

Mahakama hazikuwangoja wanasarufi wapatane. Mwaka 1916 Roger Casement alisimama kizimbani London. Alikuwa Mwairishi, mtu ambaye taarifa yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Sasa alishtakiwa uhaini kwa kujaribu, akiwa Ujerumani, kuwaandikisha mateka wa Kiairishi katika kikosi cha kuipinga Uingereza. Sheria ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Ilimtaja mtu aambatanaye na adui za mfalme ndani ya nchi, akiwapa msaada ndani ya nchi, au penginepo. Wakili wake alisema kuambatana kwenyewe lazima kutendwe ndani ya nchi. Serikali ilisema "au penginepo" yarudi nyuma hata kwenye kuambatana. Majaji wawili walikwenda kuitazama hati ya asili katika hifadhi ya nyaraka, wakitafuta alama za mkato katika mwandiko wa karne ya 14. Waliamua kwamba "au" laufikia ubavu wa mbali. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, neno dogo kuliko hilo lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani. Sheria ya mwaka 2018 ilikuwa imewaruhusu majaji kupunguza vifungo virefu vya lazima kwa baadhi ya wenye hatia za dawa za kulevya. Ilimruhusu mtu asiye na alama za makosa zaidi ya 4, kosa la nyuma la alama 3, "and" kosa la nyuma la ukatili la alama 2. Mtu mmoja wa Iowa alikuwa na mambo mawili ya kwanza, hakuwa na la tatu. Mawakili wake walisema sheria yamzuia yule tu aliye na yote matatu kwa pamoja, maana ndivyo "and" lisemavyo. Serikali ilisema kutokuwa nayo kwagawanywa juu ya kila moja: asiwe na la kwanza, asiwe na la pili, asiwe na la tatu. Tarehe 15 Machi 2024 majaji 6 dhidi ya 3 walikubaliana na serikali. Jaji Elena Kagan, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alitumia hesabu pamoja na sarufi: alama 3 na alama 2 ni 5, na 5 imekwisha kuzidi 4, basi mtu mwenye mambo mawili ya mwisho kila mara angekuwa na la kwanza, na sharti hilo la kwanza lingekuwa limeandikwa bure. Jaji Neil Gorsuch, kwa niaba ya watatu, alijibu kwamba sheria ilipasa isomwe kama ilivyoandikwa, na kwamba maelfu ya watu watanyimwa nafasi ya kusikilizwa.

Kama sheria ile ingeandikwa kwa Kiswahili, karani asingaliweza kupita bila kuchagua. Ama angeandika "asiye na hili, na hili, na hili", akaacha shaka ile ile. Ama angeandika "asiye na hili, wala hili, wala hili", na kesi isingalifika mbali. Majaji sita walisoma "and" wakasikia "wala". Watatu walisikia "na".